Jinsi ya kujijengea akiba ya akili ili uzee ukukute na kichwa chako na watu wako

Nianze na hili maana ndo limebeba kila kitu nitakachoandika hapa chini. Mwaka 1988 daktari wa Marekani anaitwa Robert Katzman na wenzake walitoa matokeo ya kupima ubongo wa wazee 137 waliokuwa wanaishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, waliwapima baada ya kufariki, na humo wakawakuta 10 ambao ubongo wao ulikuwa na alama za ugonjwa wa Alzheimer, ule unaokula kumbukumbu na akili taratibu, lakini walipokuwa hai walikuwa vizuri kabisa, majaribio ya kumbukumbu walikuwa wanafanya sawa au hata kuwapita wenzao ambao ubongo wao haukuwa na ugonjwa. Yaani ugonjwa upo kichwani, dalili hakuna. Ubongo wao ulikuwa mzito zaidi na una seli kubwa za neva nyingi zaidi.

Hapo ndo watafiti wakaanza kujiuliza kwanini watu wawili wenye uharibifu uleule mmoja anapotea njia ya kwao na mwingine bado anabishana siasa na wajukuu. Yaakov Stern wa Chuo Kikuu cha Columbia kule New York ameishughulikia hii miaka mingi, na maelezo yake kwa kifupi ni kwamba ubongo uliotumika sana kwa kazi mbalimbali unakuwa na njia nyingi za kufikia jibu lilelile, kama mtu anaeujua mji vizuri, barabara moja ikifungwa anapita uchochoroni na anafika, wakati mgeni aliejua barabara moja tu anakwama palepale. Hiyo ndo akiba ya akili.

Sasa kabla hujafurahi sana, elewa akiba hii inafanya nini na haifanyi nini. Haizuii ugonjwa kuingia kichwani. Inachelewesha dalili, na ndo maana mtu mwenye akiba kubwa akishaanza kuonyesha dalili mara nyingi anashuka haraka kuliko wengine, kwasababu muda wote ule ugonjwa ulikuwa unaendelea kimyakimya. Wengine wakisikia hivi wanaona haina faida, mi naona ni faida kubwa mno, manake miaka mitano ya kujitegemea, kujua majina ya wajukuu wako na kusimamia hela zako mwenyewe, hiyo sio miaka ya kudharau hata kidogo.

Jambo lingine, akiba sio shule tu. Ni kweli elimu ya utotoni inahesabika sana, kuna ule utafiti maarufu wa masista wa Kikatoliki 678 huko Marekani ulioanzishwa na David Snowdon mwaka 1986, wale masista waliandika historia fupi za maisha yao wakiwa vijana wa miaka ishirini na kitu, na ikaonekana waliokuwa wanaandika sentensi zilizojaa mawazo mengi ndo ambao uzeeni walipata demensia (ile hali ya kumbukumbu na akili kupotea taratibu) kwa uchache. Lakini kama hukusoma usifunge hii kurasa na kukata tamaa, kazi unayofanya, lugha unazozungumza, ujuzi unaojifunza ukubwani, watu unaokaa nao, vyote vinaingia kwenye hesabu mpaka uzeeni. Mwaka 2013 kule Hyderabad, India, walipitia rekodi za wagonjwa 648 wa demensia wakakuta wanaozungumza lugha zaidi ya moja dalili ziliwaanza kama miaka minne na nusu baadae kuliko wa lugha moja, na ilikuwa hivyo hata kwa wale wasiojua kusoma kabisa. Kwenye hili la lugha wataalamu bado wanabishana, tafiti nyingine hazijaona tofauti, ila kwangu mimi inatosha kusema kama una lugha mbili tatu usiziache zife.

Haya tuingie kwenye kufanya.

Anza na vinavyobomoa

Najua kila mtu anataka kusikia mambo ya kufundisha ubongo, lakini ukijenga huku kuna kitu kinabomoa unajichosha bure. Kamisheni (jopo la wataalamu) ya jarida la kitabibu la Lancet ya mwaka 2024 imeorodhesha vitu 14 ambavyo vikishughulikiwa tangu utotoni mpaka uzeeni, karibu 45% ya visa vya demensia duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Ukiisoma ile orodha unashangaa jinsi ilivyo ya kawaida: presha, kisukari, kolesteroli mbaya, unene, sigara, pombe nyingi, kutofanya mazoezi, sonona, kuumia kichwa, hewa chafu, elimu ndogo, upweke, kutosikia vizuri, kutoona vizuri.

Presha ndo ya kwanza kupima, na ipime hata kama unajisikia mzima, kwasababu haiumi mpaka siku inapoharibu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2019 ulionyesha waliolenga kushusha ile namba ya juu ya presha chini ya 120 walipata ile hali ya mwanzo ya akili kuyumba kwa uchache wa kama 19% kuliko waliolenga chini ya 140. Hiyo haimaanishi ukajiongezee dozi mwenyewe, lengo lako wewe unalijua wewe na daktari wako, hasa kama una umri mkubwa na ukisimama unapata kizunguzungu.

Kuumia kichwa watu wanapita haraka sana. Vaa helmeti kwenye pikipiki na baiskeli, na ndani ya nyumba ya mzee ondoa mikeka inayoteleza, weka taa kwenye njia ya kwenda chooni. Basi, hiyo inatosha.

Masikio lakini nataka tukae hapo kidogo, kwasababu naona ndo kitu kinachopuuzwa kuliko vyote na kinaiba watu wetu taratibu mbele ya macho yetu. Mzee akianza kutosikia vizuri hasemi "sisikii", anaanza kutikisa kichwa na kutabasamu, anacheka wengine wakicheka, alafu anaacha kuchangia, alafu anaacha kuja, na familia inasema siku hizi amekuwa mkimya au kumbukumbu zinamtoka. Kumbe hakusikia, na usichokisikia utakikumbuka vipi? Na hata anaposikia nusunusu ubongo unatumia nguvu nyingi kukisia maneno, nguvu ambazo zingetumika kuelewa na kutunza. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa watu 977 wenye miaka 70 hadi 84 ambapo nusu walipewa vifaa vya kusaidia kusikia na kufuatiliwa miaka 3. Kwa ujumla wao tofauti haikuonekana, ila kwa kundi la waliokuwa kwenye hatari zaidi kasi ya akili kushuka ilipungua kwa 48%. Kwahiyo kama mzazi wako anaongeza sauti ya tivii kila mwezi, mpeleke kupimwa masikio, na kabla ya chochote waangalie kama ni nta tu imejaa, inatokea mara nyingi kuliko unavyodhani. Akipewa kifaa mpe muda, wiki za mwanzo kila kitu kinapiga kelele, sahani, maji, hatua za watu, wengi wanakitupa kwenye droo hapohapo. Aanze na saa moja au mbili kwa siku chumba kikiwa kimya, aongeze pole pole. Na macho vilevile, mtoto wa jicho anaondolewa kwa upasuaji, usikubali mtu akae gizani miaka kwa kuambiwa ni uzee.

Jifunze kitu kinachokushinda

Hapa neno la muhimu ni kinachokushinda. Kujaza mafumbo ya gazeti ambayo umeyajaza miaka ishirini ni starehe nzuri, ila ubongo tayari unayajua. Gemu za simu za kufundisha ubongo nazo ni hivyohivyo: utafiti mkubwa wa Marekani wa watu 2832 wenye miaka 65 kwenda juu uligundua waliofundishwa kumbukumbu waliboreka kwenye kumbukumbu, waliofundishwa kasi wakaboreka kwenye kasi, kila mtu akawa bora kwenye kile alichofundishwa. Sio kitu kibaya, ila usitegemee gemu moja likubebee maisha yote.

Kinachobeba zaidi ni ujuzi mzima wenye sehemu nyingi ndani yake. Denise Park na wenzake mwaka 2014 waliwachukua watu wenye miaka 60 hadi 90, wengine wakafundishwa kupiga picha kwa kamera ya dijitali na kuzihariri kwenye kompyuta, wengine kushona mablanketi ya viraka yenye michoro, kama saa 15 kwa wiki kwa miezi mitatu, na wengine wakawekwa kwenye kikundi cha kukutana, kupiga stori na kutembea tu bila kujifunza kitu kigumu. Waliojifunza ndo kumbukumbu zao ziliboreka. Kikundi cha stori hakikupata faida ile, na hili tutalirudia kwenye kipengele cha watu kwasababu lina funzo kubwa.

Sasa unachaguaje? Mi ningekwambia tafuta kitu ambacho huwezi kukifanya huku unawaza mambo mengine. Ala ya muziki, lugha mpya, kushona nguo kwa vipimo badala ya kukisia, kuhariri video, bao au drafti lakini na mtu anaekushinda, kwaya yenye sauti nne, kompyuta, kufundisha kitu unachokijua (kufundisha ni kujifunza upya, jaribu kumueleza kijana wa miaka 14 ulichofanya kazini miaka thelathini uone kichwa kitakavyofanya kazi). Kiwe na ngazi, yaani ukishaweza hiki kuna kigumu zaidi kinakusubiri. Na uwe unakipenda, hii sio ya mapambo, usichokipenda utakiacha na ulichokiacha hakijengi kitu.

Kuhusu muda sio lazima saa 15. Anza na nusu saa mara nne kwa wiki, saa ileile, mahali palepale, vifaa viwe vimeandaliwa mezani tayari ili usitumie nguvu ya kuanza kutafuta. Miezi miwili ya mwanzo utajiona mzito, hasa kama umepita miaka 60, kasi ya kuchakata mambo inapungua kweli na hiyo ni kawaida kwa binadamu wote, ila msamiati na maarifa ya jumla vinaendelea kupanda mpaka miaka ya sitini na zaidi, kwahiyo tumia hicho ulichonacho: unganisha kila kipya na kitu unachokijua tayari, andika kwa mkono, eleza kwa sauti bila kuangalia, rudia kesho, rudia baada ya siku tatu, rudia baada ya wiki. Huo mpangilio wa kurudia kwa kuachia nafasi unafanya kazi kwa kijana na kwa mzee.

Kama una shaka kwamba ubongo wa mtu mzima unabadilika, angalia madereva teksi wa London. Kupata leseni wanatakiwa kukariri mitaa kama 25,000, na Eleanor Maguire alionyesha mwaka 2000 kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi, ile sehemu ya ubongo ya kumbukumbu na njia, ni kubwa zaidi kwao. Baadae wakafuatiliwa waliokuwa wanajifunza, waliofaulu ile sehemu ilikuwa imekua, walioshindwa haikukua. Hao walikuwa watu wazima, sio watoto.

Watu

Hiki ndo kipengele ambacho kama una nguvu ya kufanya kimoja tu ningekuomba ufanye hiki.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rush kule Chicago wamefuatilia maelfu ya wazee kwa miaka mingi, wakiwapima kila mwaka wakiwa hai na kuangalia ubongo wao baada ya kufariki. Moja ya walichokiona ni kwamba kwa watu wenye mtandao mkubwa wa ndugu na marafiki wanaoonana nao, uharibifu uleule wa ubongo ulileta madhara madogo kwenye akili. Sababu inaeleweka ukikaa ukafikiria mazungumzo ni nini hasa: unasikiliza, unashika alichosema dakika mbili zilizopita, unasoma uso wake kama amekasirika au anatania, unatafuta neno, unazuia lile ambalo halitakiwi kusemwa, unabadilisha mada ghafla, vyote kwa sekunde chache. Hakuna gemu ya simu inayofanya vyote hivyo kwa pamoja.

Ila kumbuka kile kikundi cha stori hapo juu. Kukaa na watu peke yake hakutoshi, lazima mazungumzo yawe na kazi ndani yake. Kuna utafiti mwingine Marekani, wazee 186 wa miaka 75 na zaidi waliokuwa wapweke, nusu wakawa wanapigiwa simu ya video ya nusu saa mara nne kwa wiki na mtu aliefundishwa kuongoza mazungumzo, anaweka picha, anauliza maswali yanayohitaji kufikiri, na nusu wakapigiwa simu fupi ya dakika kumi mara moja kwa wiki. Baada ya miezi 6 wale wa mazungumzo marefu walikuwa juu kwenye vipimo vya akili. Simu tu! Hiyo unaweza kuanza leo na mama yako alie mbali.

Namna ya kuifanya: usiulize "umeshindaje, umekula nini" ukakata, hayo majibu yanatoka bila kufikiri. Muulize nani alikuwa anakaa nyumba ya jirani alivyokuwa mdogo na waliishia wapi, angekuwa ni yeye angeamuaje ule mgogoro wa ukoo, mtumie picha ya zamani akueleze kila mtu aliepo, msomee habari muibishanie kidogo. Mpe nafasi ya kukaa kimya akitafuta neno, hesabu mpaka kumi moyoni kabla hujamsaidia. Na ukimkatiza, mkatize kwa swali, sio kwa kumsahihisha tarehe.

Kwa wewe mwenyewe unaezeeka, angalia mzunguko wako una watu wa aina ngapi. Ukiwa na watu wa rika lako tu kila mwaka wanapungua na mazungumzo yanakuwa yaleyale, maradhi na misiba. Tafuta angalau kundi moja lenye vijana, na kubwa zaidi tafuta kundi ambalo una wajibu ndani yake, mweka hazina, mwalimu wa watoto, anaepiga simu kwa wasiofika, kwasababu wajibu unakutoa nyumbani hata siku ambayo mwili hautaki. Kama wewe sio mtu wa watu sana, sawa tu, wawili watatu wa karibu ambao mnazungumza kwa kina wanatosha kuanzia, kujilazimisha kwenye makundi ya watu hamsini utachoka na kuacha.

Kuna uwezo wa kijamii unaopungua na umri na ni vizuri kuujua ili usiumie bure. Wengi wanakuwa wazito kidogo kusoma hasira au woga kwenye uso wa mtu, na kufuata watu watatu wanaoongea kwa mpigo. Suluhisho ni rahisi: kaa mnaotazamana, punguzeni kelele za nyuma, na ukiwa na shaka uliza, "hapo umekasirika au unatania?" Upande wa pili kuna uwezo unaopanda, mtafiti Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford ameonyesha kwa miaka mingi kwamba watu wakizeeka wanatawala hisia zao vizuri zaidi na wanachagua watu wenye maana kwao. Huo utulivu utumie, ndo maana wazee wanaitwa kusuluhisha, na kila usuluhishi ni kazi nzito ya akili.

Na hapa niseme kitu kwa watoto wenye upendo mwingi, kinaniuma sana. Mnawaua wazazi kwa kuwapumzisha. Mzee alikuwa anaenda sokoni mwenyewe, anajadili bei, anahesabu chenji, anakumbuka orodha, anasalimia watu kumi njiani, mnamwambia kaa mama umefanya kazi vya kutosha. Mmemnyang'anya mazoezi yote kwa siku moja. Mwacheni afanye anachoweza hata kama anachelewa, msaidieni kipande kile tu kinachomshinda, mtu abebe mzigo lakini kununua anunue yeye.

Mwili

Tembea. Mwaka 2011 ulitoka utafiti wa wazee 120, nusu yao walitembea kwa kasi dakika 40 mara tatu kwa wiki kwa mwaka mzima, na hipokampasi zao zikaongezeka kama 2% wakati za wenzao waliokuwa wanajinyoosha tu zilipungua. Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kawaida unaokufanya upumue zaidi, gawanya unavyotaka, ongeza na mazoezi ya nguvu na ya kusimama sawasawa ili usianguke. Ukitembea na mtu mnaongea umeshaunganisha viwili, na kucheza dansi kwa hatua za kukariri na mwenzako ni vitatu kwa mpigo. Kule Finland utafiti uliotoka mwaka 2015 wa watu 1260 wenye miaka 60 hadi 77 uliunganisha chakula bora, mazoezi, kufundisha akili na kusimamia presha na sukari kwa miaka 2, na waliopata vyote kwa pamoja walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya akili, ndo maana nasisitiza kuunganisha kuliko kung'ang'ania kimoja.

Usingizi nao, unakoroma mpaka unakatika pumzi? Nenda kapime. Na dawa za kulala za kununua tu dukani, zile zenye diphenhydramine, mzee asizizoee, zinavuruga kumbukumbu.

Ukiona imezidi kawaida

Kusahau jina la mtu na kulikumbuka jioni, kuweka funguo usipopakumbuka, hayo ni ya kawaida. Ya kumpeleka mtu hospitali ni kupotea njia anayoijua, kuuliza swali lilelile mara nyingi ndani ya saa moja, kushindwa hesabu za hela alizokuwa anazisimamia, kubadilika tabia ghafla, kuacha katikati kazi aliyokuwa anaifanya miaka yote. Usisubiri ukisema ni uzee, kwasababu kuna sababu zinazotibika kabisa: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kutofanya kazi vizuri, sonona, maambukizi, mchanganyiko wa dawa nyingi. Na akivurugika ndani ya siku moja au mbili tu hiyo ni dharura, nenda siku hiyohiyo.

Ukienda beba dawa zote anazotumia pamoja na za kienyeji, andika tangu lini mabadiliko yalianza na mifano mitatu minne ya kweli, na aende nae mtu anaeishi nae, kwasababu mwenye akiba kubwa anajieleza vizuri sana mbele ya daktari na vipimo vifupi anafaulu, wakati wewe nyumbani umeshaona kabisa amebadilika. Mwambie daktari alikuwa mtu wa namna gani zamani, alikuwa anafanya nini na anafanya nini sasa, uombe apimwe kwa kina na arudiwe kupimwa baada ya miezi kadhaa.